Deni haligonjwi: nani alilipa wakati mwenye shamba alilala kitandani?



Karibu kila mkutano, tukifika kwenye saa ya mikopo, swali moja linarudi. Mtu amekopa ili akomboe kipande cha shamba ya baba yake, ao ili apandishe nyumba ya mabati. Analipa vizuri miezi tano. Mwezi wa sita anagonjwa: ni malaria kali, ni mguu umevunjika, ni mama amezaa kwa kupasuliwa. Hawezi kushika jembe. Yeye analala, lakini deni halilali. Nani atalipa? Na marafiki wa Ulaya wanatuuliza kila mara: kwa nini hamuchukui bima?

Tumeona vizuri kujibu kwa njia ya historia, juu swali hili si la leo. Ukifuata miaka karibu mia moja ya Masisi na Walikale, unaona kitu kimoja wazi. Kinga ambazo kampuni, serikali na banki zilitengeneza zilifungwa juu ya karatasi, na karatasi ile wengi wetu hatukuwa nayo. Kinga ile ilifika mpaka kwetu kwenye vilima ni ya watu wanaojuana. Lakini hii nayo iko na uzaifu wake, na tusipoujua tutaanguka mahali wazee wetu walianguka.

Wakati kinga ilikuwa mikono

Zamani shamba haikununuliwa kwa mkopo. Katika Bashali na sehemu zingine za Wahunde, mtu alipata udongo kupitia mwami na wakubwa wake, akatoa mutulo kama alama ya kumutambua. Hakukuwa ipoteke, ni kusema ile desturi ya banki kushika karatasi ya nyumba ao ya shamba mpaka mkopo uishe. Hata hivyo mgonjwa alikuwa na hatari yake: shamba isipolimwa kwa wakati, jamaa inakosa chakula, na anayekosa chakula anaanza kukopa.

Njo maana kinga ya kwanza ilikuwa mikono. Majirani walikuja kupalilia. Na mgonjwa akizidiwa, walimubeba. Katika nchi hii ya vilima, tangu Masisi mpaka Rwanda na Kigezi ya Uganda, watu walikuwa na vikundi vya kubeba wagonjwa katika machela. Huku wengi wanasema kipoyi, wasemaji wa Kinyarwanda wanasema ingobyi, watu wa Kigezi wanasema engozi. Sheria yake ilikuwa nyepesi: leo unabeba, kesho utabebwa. Asiyebeba anajulikana.

Tusidharau machela ile. Katika mwaka 1996, hopitali ya Kisiizi, kusini-magharibi ya Uganda, ilianzisha bima ya matunzo, na haikutafuta watu mmoja mmoja: iliingia kupitia vikundi vya engozi vilivyokuwa tayari. Watu waliozoea kubebana walielewa haraka maana ya kuchanga mbele ya ugonjwa.

Wakati kinga ikawa karatasi

Wabelgiji walileta udongo wa karatasi. Komite ya Kivu, ile iliundwa 1928, ilipewa uwezo juu ya eneo kubwa sana, na mashamba ya wakoloni ya kahawa, chai na pareto yakapanda kwenye vilima. Tangu 1937 mpaka 1955, shirika la serikali ya ukoloni lililoitwa MIB lilihamisha makumi elfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kwanza Gishari. Kati ya wanachama wetu wako wale babu zao waliwapokea wageni wale, na wako wale babu zao walikuwa wageni wenyewe. Hatuandiki ili kupima nani alikuja mbele. Tunaandika juu watoto wa wote wawili walijikuta katika hali moja: wanalima udongo, lakini hawana karatasi yake.

Karatasi ilikuwa na faida gani? Kwanza, ilikuwa mlango wa mkopo mkubwa. Mwenye cheti cha udongo aliweza kukopa banki, na shamba yenyewe ikasimama kama rehani. Pili, karatasi ya kazi ilikuwa mlango wa kinga. Mfanyakazi aliyeandikwa kwenye plantasio ao kwenye mugodi alikuwa na dispensere ya kampuni. Katika mwaka 1956 ukoloni uliweka sheria ya pansio kwa wafanyakazi. Kisha uhuru, amri ya 29 Juni 1961 ilizaa INSS, ile leo inaitwa CNSS: pansio ya uzee, pansio ya mtu aliyepoteza nguvu za kazi, malipo ya aliyeumia kazini. Mpaka leo sheria ya kazi ya 2002 inasema mfanyakazi aliyesimama juu ya ugonjwa aendelee kupata theluthi mbili ya mshahara wake. Kwa mwalimu, muganga ao mfanyakazi wa kampuni mwenye kontra nzuri, ile inaweza kuokoa nyumba.

Lakini mlimaji anapata theluthi mbili ya nini? Hana mshahara. Mwenye kulima kwa salongo, ni kusema anafanya siku fulani za juma katika shamba ya tajiri ili apewe mahali pa kulima yake, hana kontra. Muchimbaji wa mawe ya Rubaya hana kontra. Mama anayeuza maharagi sokoni hana kontra. Wote wale sheria iliwapita juu ya kichwa kama ndege ya Goma.

Na bima yenyewe? Tangu 1966, SONAS ya serikali ilikuwa peke yake katika nchi yote, karibu miaka makumi tano. Sheria ya 17 Machi 2015 njo ilifungua mlango kwa kampuni zingine. Hata sasa, kwa watu wengi bima inamaanisha karatasi ya gari ile polisi anauliza barabarani.

Udongo nao ulizidi kuwa mbali. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia kwa cheti. Juu ya udongo wa desturi, ule mamilioni wanalima, sheria ile ilisema amri ya Prezida itakuja kueleza. Amri ile haikukuja. Mwisho wa Novemba mwaka ule ule Mobutu alitangaza zairianizasio, na mashamba mengi ya wazungu yakapewa wakubwa wa serikali na wafanyabiashara. Mlimaji wa Muheto alibaki kama zamani: shamba iko mbele ya macho, lakini kwenye meza ya banki haionekani.

Rehani ya kijijini

Mtu asiye na banki hakosi kukopa. Anakopa kwa jirani aliye na uwezo. Njo ilizaliwa rehani ya kijijini, ile wengine wanaita gaji. Unapokea feza, ao ngombe, ao malipo ya hopitali, na mwenye feza anaingia katika shamba yako. Anailima na kula mavuno mpaka siku utamurudishia yote.

Muangalie vizuri namna rehani hii inatembea. Mavuno hayapunguzi deni. Mtu anaweza kula shamba yako miaka minane, na deni bado ni lile lile. Na wewe, juu umepoteza shamba, umepoteza pia kitu cha kulipia. Mara nyingi hakuna maandiko, kuko washahidi tu. Washahidi wakifa, watoto wa mkopeshaji wanasema: baba alinunua.

Na sababu ya kuingia katika rehani mara nyingi si anasa. Ni hopitali. Mgonjwa amepona, faktire iko, hopitali inamushika mpaka alipe, jamaa inatoa shamba. Hapa tunaona kwamba ugonjwa unapiga mara mbili: unaleta deni mpya, na unakata mikono iliyokuwa ilipe deni ya zamani. Kwa mlimaji iko hata pigo la tatu. Mwenye mshahara akilala majuma matatu, anapoteza majuma matatu. Mlimaji akilala majuma matatu katika mwezi wa tisa, wakati wa kupanda musimu A, anapoteza musimu mzima, na atangoja mwezi wa pili ili ajaribu tena. Bima ya mwenye mshahara inahesabu siku. Ya kwetu lazima ihesabu musimu.

Wakati feza yenyewe iligonjwa

Wazee walijaribu kuweka akiba. Likirimba ilikuwa kila pahali: watu kumi wanachanga, mmoja anapokea, kisha mwingine. Lakini likirimba haiangalie nani anagonjwa, inaangalia zamu. Ukigonjwa mbele ya zamu yako, unangoja. Ukigonjwa kisha zamu yako, bado unadaiwa.

Na wale walioweka feza nyumbani walipigwa kwa njia zingine. Siku ya Noeli 1979, serikali iliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kiasi. Vijijini, mbali na banki, makaratasi yalibaki mikononi. Katika Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya: moja mpya kwa milioni 3 za zamani. Kese ya msaada iliyojazwa kwa miaka iligeuka bei ya chumvi.

Kati ya misiba hii miwili kuko mfano wa nchi yetu wenyewe wa kukumbuka. Bwamanda, kaskazini-magharibi ya Zaire, hopitali ilianzisha mwaka 1986 bima ya kulala hopitali. Ilikusanya mchango mara moja kwa mwaka, wakati watu wanauza mavuno na kuko feza mkononi. Sehemu kubwa ya wakaaji waliingia. Mafundisho ni mawili. La kwanza: umuombe mlimaji mchango siku ya soko, si siku ya njaa. La pili: bima ile ililipa matunzo, haikulipa deni. Lakini mtu asiyeuza shamba juu ya faktire ya hopitali amelindiwa shamba tayari.

Vita, kampi, na kese yenye funguo tatu

Machi 1993, vita ilianza kwenye soko ya Ntoto, Walikale, ikapanda Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifika kwa wingi, na mwaka 1996 vita ingine ikapita. Watu wa kila kabila walikimbia: wengine Goma na Sake, wengine Walikale, wengine walivuka mpaka Rwanda na kukaa Kiziba, Gihembe, kisha Nyabiheke na Kigeme. Hapa kinga ya mikono ilivunjika, juu majirani walitawanyika. Na rehani za kijijini zilibaki bila washahidi. Wengi wetu tulirudi na kukuta mkopeshaji amekufa, ao shamba imeuzwa mara mbili.

Katika kampi watu walianza upya na kidogo walichokuwa nacho. Walioishi Rwanda walijifunza ikimina, wakachanga katika sehemu ya msaada wao. Kisha mapatano ya Kongo, Rwanda na HCR ya Februari 2010, ziliundwa komite za mapatano vijijini, CLPC, ili kusikiliza mabishano ya udongo ya wanaorudi. Wale walioweza kuonyesha maandiko, hata ya daftari la shule lenye alama za vidole, walisikilizwa kwa urahisi zaidi.

Katika miaka hii njo njia mbili zilienea Kivu. Ya kwanza ni AVEC, ile ilianza Niger mwaka 1991 kati ya wamama wa Maradi, kwa msaada wa CARE: sanduku lenye vifuli vitatu, funguo kwa watu watatu, na feza zinagawanywa mwisho wa mwaka. Ya pili ni MUSO, mituweli ya mshikamano. MUSO iko na kese tatu. Kese ya kijani ni ya mikopo, feza ni za wanachama. Kese nyekundu ni ya msaada wa ugonjwa, kifo, msiba, na feza zake hazirudishwe. Kese ya bleu ni ya feza zinazotoka inje.

Rangi hizi si mapambo. Zinajibu swali letu la kwanza. Mahali kese ni moja, mgonjwa akisaidiwa, mkopo wa mwingine unapungua, na wanachama wanaanza kumuangalia mgonjwa vibaya. Mahali kese ni mbili, kese nyekundu inaweza kulipa kese ya kijani kwa jina la mgonjwa. Ile, kwa maneno mengine, ni bima ya deni.

Tufanye hesabu. Tuseme kikundi kiko na watu 25, kila mtu anatia franga 200 kwa juma katika kese nyekundu. Ni franga 5.000 kwa juma, na 260.000 kwa majuma 52. Tuseme mkopo wa kawaida unalipwa franga 25.000 kwa mwezi. Kese nyekundu ikimulipia mgonjwa miezi mitatu, ni 75.000. Wagonjwa watatu kwa mwaka ni 225.000, inabaki 35.000. Mgonjwa wa nne hawezi kulipiwa miezi mitatu yote. Njo ukubwa wa kinga yetu, na ni vizuri kila mtu aujue mbele ya kutia sahihi ya mkopo.

Ndugu zetu wa Ulaya wako na nini?

Tunaeleza hii juu ya wanachama wenye jamaa Ubelgiji na Kanada, na juu ya marafiki wanaouliza. Neno mituweli lenyewe lilitoka kwao. Ujerumani, sheria ya mwaka 1883 ilimupa mfanyakazi mgonjwa nusu ya mshahara mpaka majuma 13. Ubelgiji, vikundi vya mituweli vilikuwa tayari, na sheria ya 28 Desemba 1944 iliifanya bima ya ugonjwa kuwa lazima kwa wenye mshahara. Kwa hiyo, hata kule, kikundi kidogo kilikuja mbele, serikali ikafuata.

Anayenunua nyumba kwa mkopo kule anakuta bima mbili ambazo watu wanachanganya. Moja inamaliza deni mwenye nyumba akifa. Mwenye kuugua hapati kitu kwayo. Ingine inalipa kila mwezi wakati mtu hawezi kufanya kazi, lakini iko na majuma ya kungoja mwanzoni, iko na mwisho wa miezi, na mara nyingi ugonjwa uliokuwa tayari mbele ya kontra haiukubali. Hata huku, banki ao koperative ikikuambia "mkopo uko na bima", uulize: ni ya kifo tu, ya ulemavu wa siku zote, ao hata ya ugonjwa wa kupita? Mara nyingi ni mbili za kwanza. Malaria ya majuma matatu haimo.

Yale historia inatuachia

Hatusemi bima kubwa ni mbaya. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya mituweli imefungua njia ya vikundi kama vyetu kutambuliwa na kuungana, na siku moja tutahitaji kuungana. Kikundi cha watu 25 kinaweza kubeba mgonjwa mmoja, wawili, watatu. Hakiwezi kubeba kolera ya kijiji kizima, wala vita. Na banki nayo haiwezi kila siku: katika Januari 2025 banki za Goma zilifunga milango, na wenye akiba walibaki inje kama wasio nayo. Kinga ya watu wanaojuana inavunjika wakati wote wanapigwa siku moja. Hapo njo tunawahitaji ninyi wa mbali, kupitia kese ya bleu, juu ninyi hamukupigwa siku ile.

Kwa mkutano mkuu ujao, tunaomba wanachama wafikiri juu ya mambo haya manne, yote yametoka katika historia tuliyoandika.

Kwanza, kese ya ugonjwa ibaki mbali na kese ya mikopo, na mchango wake ukusanywe kisha mavuno, musimu A na musimu B.

Pili, kese isilale na makaratasi tu. Sehemu yake inaweza kuwa maharagi makavu, ao mbuzi, ili feza ikigonjwa tena tusipoteze yote.

Tatu, mgonjwa asaidiwe kwa mikono mbele ya feza. Watu kumi wakitoa siku moja kila mmoja, shamba ya mgonjwa inapandwa kwa wakati, na mwenye mavuno analipa deni mwenyewe. Kinga ile haina faktire.

Nne, kila mkopo na kila rehani iandikwe: kiasi, mipaka ya shamba, washahidi, na neno moja juu ya ugonjwa, ni kusema miezi mingapi mkopeshaji atangoja, na kama mavuno anayokula yanapunguza deni. Tunaomba yapunguze. Nakala moja ikae kwa komite, moja kwa paruwasi ao kwa mkubwa wa kijiji.

Kwa marafiki wanaotoa msaada, tunaomba mtu akitaka kulinda nyumba ya anayerudi, asiangalie mabati na misumari tu. Aulize kese nyekundu iko na ngapi. Nyumba nyingi hazikuangushwa na mvua. Ziliuzwa na mtu aliyetoka hopitali.